Divai ya Kungoja na Divai ya Kunywa

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikitamkwa pamoja huonekana kana kwamba zinagombana. Ya kwanza husema, "Mvumilivu hula mbivu." Ya pili husema, "Ngojangoja huumiza matumbo." Mwenye busara si yule aijuaye moja tu, bali ni yule atambuaye wakati wa kuitii hii na wakati wa kuitii ile. Mzee mmoja wa Old Kampala, mjini Kampala, alichukua miaka 50 kujifunza tofauti hiyo, na mwalimu wake alikuwa chupa mbili za divai nyekundu.

Old Kampala ni kile kilima ambacho Kapteni Lugard alijenga ngome yake juu yake mwezi wa Desemba 1890. Leo kileleni pake umesimama Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, na mnara wake huonekana kutoka kila upande wa jiji. Katika miteremko yake zingali zipo nyumba chache zilizojengwa zamani na wafanya biashara na makarani wa Kihindi: nyumba zenye baraza, kuta nene, na ngazi za kupandia ghorofani. Mzee huyo, ambaye ni karani mstaafu wa serikali, alipanga vyumba vya chini vya nyumba ya namna hiyo akiwa kijana, naye angali anaishi humo pamoja na mkewe.

Ghorofani wakati ule aliishi Mgoa mmoja na watu wa nyumba yake. Mgoa huyo alikuwa mkubwa wake kazini, lakini walipokuwa nyumbani ukubwa huo uliachwa mlangoni. Wote wawili walikuwa Wakatoliki. Jumapili walikwenda kanisani kwa miguu pamoja, na Krismasi walikula meza moja. Ni kwenye meza hiyo karani kijana alipoonja divai kwa mara ya kwanza.

Kabla ya hapo kinywaji alichokijua ni tonto, pombe ya ndizi ya kwao kijijini. Aliijua barabara, maana alikuwa amekanyaga ndizi kwa miguu yake mwenyewe akiwa mtoto, pamoja na nyasi za kukamulia. Maji ya ndizi humiminwa ndani ya mtumbwi wa mti, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari. Ikipita siku ya nne haina mwenyewe. Kwa hiyo mtu apikaye tonto huwaita majirani kwanza, ndipo afunue mtumbwi. Karani alishangaa mno alipomsikia Mgoa akisema kwamba kwao ipo divai iwezayo kulala ndani ya chupa mpaka mtoto mchanga awe mtu mzima, nayo ikazidi kuwa nzuri.

Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Nyumba za Old Kampala zilianza kumwaga vyombo vyake barazani. Watu waliuza vitanda kwa bei ya viti, na viti kwa bei ya kuni. Hawakuruhusiwa kuchukua ila fedha kidogo na mizigo michache. Jioni moja, siku chache kabla ya kuondoka, Mgoa aliteremka ngazi akiwa na chupa mbili.

Ya kwanza ilikuwa divai nyekundu ya kawaida, ya kunywea na chakula, kutoka Ureno. "Ndugu yangu," alisema, "hii mnywe Krismasi hii, wewe na shemeji. Msiiweke." Ya pili ilikuwa nzito na nyeusi, kizibo chake kimefungwa kwa lakiri. Ilikuwa divai ya Porto ya mavuno ya mwaka 1963, mwaka ambao binti yake alizaliwa. Aliieleza kuwa ni ya binti huyo, na kwamba haiwezi kusafiri katika sanduku litakalorushwa huku na huko. Aliingia yeye mwenyewe katika stoo iliyo chini ya ngazi, mahali pasipo dirisha, akailaza nyuma ya magunia ya mkaa. "Hii itangoja," alisema. "Hata tukichelewa, itangoja."

Krismasi ilipofika, ghorofani palikuwa na watu wengine wasiojulikana. Karani alitazama ile chupa ya kwanza na mkono ukawa mzito. Aliona kwamba kuinywa bila mwenyewe ni kama kula chakula cha msiba kabla maiti hajazikwa. Tena alikwisha kusikia, kama wengi wetu tulivyosikia, kwamba divai kadiri inavyozeeka ndivyo inavyozidi utamu. Basi aliisimamisha juu ya kabati la vioo sebuleni, karibu na dirisha linalotazama magharibi, wageni waione. Alimwambia mkewe, "Tutainywa naye akirudi." Mkewe alijibu kwamba mwenyewe alisema inywewe Krismasi hiyo, lakini hakubishana zaidi.

Mwaka 1974 ilifika barua kutoka Uingereza. Ilikuwa fupi. Ilieleza baridi, kazi mpya, na shule ya binti. Na mwishoni iliuliza: Je, ile divai ya Krismasi mliionaje? Karani hakujibu. Siku hizo kuandikiana na mtu aliyefukuzwa kungeweza kumletea mtumishi wa serikali matatizo, na hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini Amin aliondolewa Aprili 1979, na barua iliendelea kukaa ndani ya Biblia bila jibu. Sasa haikuwa hofu tena, ilikuwa haya. Aandike nini, naye divai hajainywa? Alijiambia kwamba ataandika atakapokuwa na habari njema. Chupa yenyewe ilinusurika siku za uporaji mwaka huo kwa sababu mkewe aliificha ndani ya gunia la mtama. Ghasia zilipotulia, ilirudishwa juu ya kabati.

Hapa yafaa kueleza kile kilichokuwa kikitendeka ndani ya chupa hizo mbili, maana wengi hudhani kwamba divai ikishafungwa kizibo imelala usingizi wa jiwe. Sivyo. Divai nyekundu hupata rangi yake kutokana na maganda ya zabibu, ambayo huachwa yakae ndani ya maji yake yanapochachuka. Pamoja na rangi hutoka kitu kiitwacho tanini, ambacho pia kimo katika kokwa za zabibu. Tanini ndiyo ileile ikausha ulimi mtu anywapo chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Katika divai changa tanini huuma, na harufu ni ya matunda mabichi. Miaka ipitapo, chembe za tanini na za rangi hushikamana kidogo kidogo, huwa nzito, na hatimaye huzama chini zikawa mashapo. Ndipo divai inapolainika. Rangi yake hutoka zambarau ikawa nyekundu, kisha ikafanana na tofali, mwisho ikaelekea hudhurungi. Harufu ya matunda mabichi hugeuka ikawa ya matunda yaliyokaushwa, ya tumbaku, ya ngozi, na ya udongo uliolowa mvua.

Lakini safari hiyo si ya kila divai. Ili divai iweze kungoja inahitaji akiba: tanini nyingi, ukali wa kutosha wa asidi, na pengine sukari au kileo kingi cha kuilinda. Divai bora za Bordeaux nchini Ufaransa na za Barolo nchini Italia zina akiba hiyo, nazo huweza kukaa miaka 10, 20 au zaidi. Divai ya Porto imezidi, kwa kuwa watengenezaji wake huimiminia pombe kali ya zabibu kabla haijamaliza kuchachuka. Uchachu husimama, sukari hubaki, na kileo hufikia kama asilimia 20, hali divai ya kawaida ina asilimia 12 hadi 14. Zile za mavuno ya mwaka mmoja mashuhuri, kama huo wa 1963, hutiwa chupani baada ya kukaa katika pipa kwa muda wa miaka miwili hivi, kisha huachwa kwa miongo mingi.

Nyingine zote, yaani sehemu kubwa kabisa ya divai inayouzwa duniani, hutengenezwa ili inywewe mapema, katika mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu. Ipo hata divai changa ya Beaujolais, huko Ufaransa, inayotolewa sokoni Alhamisi ya tatu ya Novemba, majuma machache tu baada ya zabibu kuvunwa, na wanunuzi wake hawataki kuiona mwaka wa pili. Divai ya namna hiyo haina akiba. Utamu wake ni ule wa matunda mabichi, na ukiondoka huo hakuna kingine kinachokuja kushika nafasi yake. Ni ndugu wa tonto, ila siku zake ni nyingi kidogo.

Hata iliyo na akiba ina adui zake, nao ni watatu: joto, mwanga na hewa. Maghala mazuri ya divai huwa na baridi ya nyuzi 12 hadi 15 za Sentigredi, mchana na usiku. Kampala, ingawa iko juu ya vilima, alasiri hufikia nyuzi 27 au 28, na kwenye dirisha la magharibi huzidi hapo. Joto likipanda kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi ya kikemia huenda mbio karibu mara mbili. Mwanga wa jua huharibu harufu. Tena kizibo cha gome la mti hutaka kulowa daima. Chupa ikisimamishwa kwa miaka mingi, kizibo hukauka, husinyaa, na hewa hupenya. Hewa ikiingia, divai huchakaa kama tunda lililomenywa, na vijidudu vya siki huweza kukigeuza kileo kuwa asidi.

Mwaka 2022, miaka 50 tangu siku ile, mwanamke mmoja alibisha hodi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alizungumza Kiswahili cha mtoto wa miaka tisa, maana ndicho alichoondoka nacho. Mzee hakumtambua mpaka alipotazama ngazi na kuuliza kama bado kuna kidato kimoja kilichovunjika.

Walikaa sebuleni, wakalia kidogo, wakanywa chai. Kisha Mzee, kwa fahari, akateremsha chupa kutoka juu ya kabati. Alisema ameitunza ili ainywe na baba yake, na kwa kuwa sasa amefika mtoto, ni kama amefika baba. Kizibo kilimomonyoka kama mkate mkavu. Divai ilikuwa imeshuka mpaka chini ya mabega ya chupa. Ilipomiminwa katika bilauri ilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na harufu yake ilikuwa ya siki. Mzee alionja, akanyamaza. Mgeni naye alionja, kwa heshima.

Ndipo mgeni akasema lililo zito. Baba yake alifariki mwaka 1991. Alikuwa akingoja jibu la barua yake, na lilipokosekana mwaka baada ya mwaka, naye akisikia habari za watu wanaopotea Uganda, aliamini kwamba karani na mkewe wameuawa. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, aliwatolea misa. Hata kitandani alikofia aliwahi kusema, "Natumaini angalau ile divai waliinywa."

Mzee hakusema neno. Mkewe ndiye aliyeuliza kuhusu chupa ya pili. Mgeni hakuwa na habari nayo. Alikuwa mtoto mno. Taa ikawashwa, magunia ya mkaa yakasogezwa, na chupa ikaonekana palepale, imelala, imefunikwa vumbi, lakiri yake ingali nzima. Mgeni, aliyejifunza mambo hayo ugenini, aliomba isifunguliwe siku ile. Ilisimamishwa pale pale gizani mpaka kesho yake, mashapo yapate kutulia chini. Usiku ule Mzee aliitoa barua ndani ya Biblia, akaisoma tena mbele ya mkewe kwa sauti, mpaka kwenye lile swali la mwisho.

Jioni ya siku ya pili kizibo kilitolewa polepole, kikakatika vipande viwili, na divai ikachujwa kwa kitambaa safi cha pamba. Haikuwa kama ndugu zake waliolala katika maghala ya baridi ya Ulaya. Joto la Kampala, hata chini ya ngazi, lilikuwa limeiharakisha, na wekundu wake ulikuwa umeelekea hudhurungi. Lakini ilikuwa hai. Harufu ya tende, asali na tumbaku ilijaa chumbani. Ilikuwa tamu, laini, na baada ya kumezwa iliendelea kukaa mdomoni kwa muda mrefu. Walikunywa bilauri ndogo ndogo, watu watatu. Mgeni alisema baba yake hakukosea; alijua ipi ingengoja na ipi isingengoja, akasema wazi. Mzee alijibu, "Alituambia. Nami nilisikia."

Kwa wale ambao dini yao inawakataza kileo, habari hii itoshe kuwa elimu tu. Kwa watumiaji wake, yako mambo machache ya kushika. Divai nyekundu ya kawaida inayonunuliwa dukani, iwe ya Dodoma au ya Afrika Kusini, huwa imeiva siku inaponunuliwa. Inywewe katika mwaka ule au unaofuata. Mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ya chupa ni mwaka wa mavuno, wala hauonyeshi siku ya kuharibika. Chupa isikae juu ya jokofu, karibu na jiko, wala dirishani. Mahali pake ni chini, gizani, penye ubaridi kuliko kwingine nyumbani. Yenye kizibo cha gome ilazwe. Yenye kifuniko cha kusokota yaweza kusimama. Ikifunguliwa ifungwe tena na kuwekwa ndani ya jokofu, imalizwe katika siku tatu au nne.

Mwenye kununua divai ya kungoja asinunue chupa moja. Anunue kadhaa za namna moja, afungue moja kila baada ya mwaka au miaka miwili, na aangalie. Bilauri iinamishwe juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa divai ukiwa wa zambarau, bado ni changa. Ukifanana na tofali, imefika. Ukiwa kama chai, na harufu ya matunda haipo, imekwisha kupita. Tena afadhali kuiwahi kidogo kuliko kuichelewa, maana iliyowahiwa huwa na ukali tu, lakini iliyochelewa haina dawa.

Mgeni aliporudi kwao alichukua kizibo kilichokatika na barua ya baba yake. Mwezi wa Novemba Mzee na mkewe walikwenda kanisani kumtolea misa Mgoa, kama yeye alivyowatolea wao.

Krismasi ya mwaka huo mkwe wao alileta chupa ya divai nyekundu ya Dodoma. Kule zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa ile ilikuwa changa, rangi yake ya zambarau. Mjukuu aliipokea, akavuta kiti ili aisimamishe juu ya kabati la vioo, mahali palipokuwa wazi. Mzee alimwita arudi nayo mezani. Akasema waitwe na wale majirani wa ghorofani, ambao kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kula naye, kisha akamwambia mkewe alete kizibuo.